Makaa ya mawe, viwanda na hewa ukaa: hesabu ya kufanya ubaoni

Swali: Ninafundisha jiografia sekondari mkoani Ruvuma. Wanafunzi wangu wanayaona malori ya makaa ya mawe yanayotoka Ngaka, na wananiuliza: kama China na India zimejenga viwanda kwa makaa haya, kwa nini sisi tuambiwe tuyaache ardhini? Je, ni kweli kwamba makaa ndiyo yanayokuza uchumi? Na ninaposoma kuwa mtambo fulani utatoa tani milioni kadhaa za kaboni kwa mwaka, namba hiyo inatoka wapi? Naweza kuihesabu na wanafunzi ubaoni?

Jibu: Mwalimu, naanza na swali lako la mwisho. Ukishaifanya hesabu hiyo mara moja, yale mengine yanakuwa mepesi.

Kwanza tutenganishe maneno. Mkaa wa gunia ni mti uliokatwa juzi. Makaa ya mawe ya kusini mwa Tanzania ni mimea iliyofukiwa zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita, na kaboni yake ilikuwa imekwishatoka kwenye mzunguko wa hewa. Tunapoyachoma tunairudisha. Jambo la pili: kaboni si hewa ukaa. Kaboni yenye uzito wa 12 ikiungana na oksijeni inatoa hewa ukaa yenye uzito wa 44. Kwa hiyo ripoti inayosema tani milioni 10 za kaboni na nyingine inayosema tani milioni 36.7 za hewa ukaa zinasema kitu kimoja. Waandishi wa habari huyachanganya haya kila mara, na kosa lake ni la karibu mara nne.

Sasa ubaoni. Chukua mtambo wa megawati 1,000. Mwaka una saa 8,760, ila hakuna mtambo unaofua umeme saa zote: kuna matengenezo, kuna hitilafu, kuna usiku ambao watu wamelala na umeme hauhitajiki. Tuseme unafanya kazi kwa asilimia 70. Zidisha: 1,000 × 8,760 × 0.70 = megawati-saa 6,132,000. Hizo ni uniti bilioni 6.1, uniti zile zile tunazonunua kwa LUKU.

Uniti moja ni megajuli 3.6 za nishati. Lakini boila na tabini havigeuzi joto lote kuwa umeme. Mitambo mingi ya kawaida, hasa ya zamani, inapata asilimia 35 hivi. Sehemu kubwa ya joto lililobaki huishia kwenye maji ya kupoozea na kwenye dohani. Basi 3.6 ÷ 0.35 = megajuli 10.3 za makaa kwa kila uniti. Kwa mwaka mzima ni gigajuli milioni 63.

Hatua ya tatu ndiyo inayozaa ile namba ya magazetini. Jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi, IPCC, lina viwango vya kukadiria: makaa magumu ya kawaida hutoa kilo 94.6 za hewa ukaa kwa kila gigajuli, dizeli kilo 74.1, gesi asilia kilo 56.1. Zidisha gigajuli milioni 63 kwa 94.6. Unapata karibu tani milioni 6 kwa mwaka, yaani pungufu kidogo ya kilo moja kwa kila uniti. Hiyo kilo moja kwa uniti ikae kichwani. Ripoti ikidai mtambo wa makaa unatoa gramu 400 kwa uniti, anayeiandika amekosea au ana kitu anauza.

Hatua ya nne ni tani za makaa yenyewe, na hapa ndipo wengi wanapoteleza, kwa sababu tani si tani. Makaa yenye kilokalori 6,000 kwa kilo yana gigajuli 25 kwa tani, kwa hiyo mtambo wetu utakula tani milioni 2.5. Makaa mengi ya India yana gigajuli 16 tu hivi, kwa kuwa majivu yake ni asilimia 30 hadi 45. Mtambo ule ule ukila makaa hayo unahitaji tani milioni 3.9. Hewa ukaa haipandi kwa kiwango hicho, kwani joto linalohitajika ni lile lile. Kinachopanda ni mabehewa, vumbi na majivu. Kwa majivu ya asilimia 40 unabaki na tani milioni 1.6 za majivu kila mwaka, na yote yanahitaji pa kutupwa au kiwanda cha saruji cha kuyatumia.

Waambie wanafunzi wageuze tani milioni 2.5 kuwa malori ya tani 30. Ni malori zaidi ya 220 kwa siku, au moja kila dakika sita hivi, mchana na usiku, Krismasi na Idi, na bado hujahesabu yanayorudi matupu. Hii ndiyo sababu mitambo mikubwa hujengwa mdomoni mwa mgodi, kando ya reli au bandarini. Ongeza maji: mtambo wenye minara ya kupoozea hutumia lita mbili hadi tatu na nusu kwa uniti. Kwa lita 2.5, ni lita bilioni 15 kwa mwaka.

Kabla hatujaondoka ubaoni, badilisha ufanisi uone. Mitambo ya kisasa inayochemsha mvuke kwa shinikizo na joto la juu sana hufika asilimia 45. Tani milioni 6 zinashuka hadi 4.6. Punguzo hilo ni la kweli, lakini neno "makaa safi" linalotumika kuliuza limetiwa chumvi: mtambo wa gesi wenye mzunguko pacha, kwa ufanisi wa asilimia 55, ungetoa tani milioni 2.3 kwa uniti zile zile. Nayo gesi ina aibu yake. Methani inayovuja njiani, kwa miaka 100, ina nguvu ya kupasha joto karibu mara 28 ya hewa ukaa. Migodi ya makaa nayo huvuja methani hiyo hiyo, na mara nyingi haimo katika hesabu za mtambo.

Je, makaa ndiyo yanayokuza uchumi?

Wahenga walisema awike asiwike jogoo kutakucha. Watafiti wa uchumi wamekaa miongo kadhaa wakipima nani anatangulia, makaa au pato la taifa, katika nchi zinazoinukia. Majibu yao yanagongana: nchi moja makaa yanatangulia, nyingine uchumi unatangulia, ya tatu vinakwenda bega kwa bega, na ukibadilisha miaka ya takwimu jibu linageuka. Hilo halinishangazi. Kipimo cha nani kaanza hakielezi umeme ulitumika kufanya nini.

Njia inayoeleweka zaidi ni mlinganyo wa Yoichi Kaya, mtaalamu wa nishati wa Japani. Hewa ukaa ya nchi ni zao la vitu vinne: idadi ya watu, mara pato kwa kila mtu, mara nishati inayotumika kupata kila shilingi ya pato, mara hewa ukaa inayotoka katika kila kipimo cha nishati. Tuseme watu wanaongezeka kwa asilimia 1 kwa mwaka, pato la kila mtu kwa asilimia 5, nishati kwa kila shilingi inapungua kwa asilimia 2, na uchafu wa nishati unapungua kwa asilimia 1. Jumlisha kwa haraka: 1 + 5 − 2 − 1 = 3. Uchumi unakua kwa asilimia 6, hewa ukaa kwa 3. Kwa kasi hiyo hewa ukaa inakuwa maradufu katika miaka 23 au 24. Nchi yenye namba hizi inaweza kutangaza, bila kusema uongo, kwamba "imepunguza hewa ukaa kwa kila shilingi ya pato", na wakati huo huo dohani zake zinaongezeka.

India ndiyo mfano hai. Serikali yake imeripoti kwamba kati ya 2005 na 2020 hewa chafu kwa kila rupia ya pato ilishuka kwa asilimia 36. Ni mafanikio. Lakini hewa ukaa yote kwa jumla imezidi maradufu tangu 2005, na sasa ni tani bilioni 3 hivi kwa mwaka. Uchimbaji wa makaa ulivuka tani bilioni moja katika mwaka wa fedha 2024/25. Kauli zote hizo ni sahihi kwa wakati mmoja, na mjumbe wa kila upande huchagua ile inayomfaa.

Kuna mtego mwingine hapo hapo. Mwaka 2025 India ilitangaza kwamba nusu ya uwezo wake wa kufua umeme hautokani tena na makaa, gesi wala mafuta. Wengi walisoma kama kwamba nusu ya umeme ni safi. Sivyo. Uwezo ni ukubwa wa mitambo iliyosimama. Umeme ni uniti zilizotoka. Megawati 1,000 za jua zinatoa labda asilimia 20 ya saa za mwaka, za makaa zinatoa 70. Ndiyo maana makaa bado yanatoa kati ya asilimia 70 na 75 ya uniti za India. Tarehe 30 Mei 2024, kwenye joto kali, mahitaji ya nchi hiyo yalifika gigawati 250. Mchana jua lilisaidia sana. Shida huja baada ya magharibi, feni na viyoyozi vikiwa bado vinazunguka na jua limekwishazama.

China inatupa somo la pande mbili. Ilijiunga na Shirika la Biashara Duniani Desemba 2001, na kuanzia 2000 hadi 2013 matumizi yake ya makaa yaliongezeka karibu mara tatu: chuma, saruji, reli, miji mipya, bidhaa za kuuza nje. Anayesema makaa hayakuhusika na ukuaji ule anafumba macho. Ila kati ya 2013 na 2016 makaa yalishuka kidogo huku uchumi, kwa takwimu rasmi, ukikua karibu asilimia 7 kila mwaka. Kisha yakapanda tena. Kamba inayoyafunga makaa na ukuaji ipo, lakini inalegea na kukaza kulingana na kinachojengwa. Nchi inayomimina zege na kuyeyusha chuma inakula makaa. Inayotengeneza simu na kutoa huduma inakula umeme, na umeme hauulizi umetoka wapi.

Nikuongezee tahadhari juu ya takwimu zenyewe. Mwaka 2015 China ilirekebisha hesabu zake, ikaonekana kwamba mwaka 2012 pekee ilikuwa imechoma makaa zaidi kwa asilimia 17 hivi kuliko ilivyoripoti. Mwaka huo huo utafiti uliopima sampuli za makaa ya China uligundua kwamba kila tani ina kaboni kidogo, kwa wastani asilimia 40 chini ya viwango vya IPCC. Kosa moja linapandisha, jingine linashusha. Kwa hiyo mwanafunzi akikuletea namba ya China yenye tarakimu tatu baada ya nukta, mcheke kidogo halafu mwambie akadirishe.

Bei ambayo haionekani siku ya uzinduzi

Hapa ndipo ningekaa muda mrefu zaidi kama darasa lingekuwa langu. Bei ya umeme wa makaa ina vipande viwili. Kipande cha kwanza ni mkopo, mishahara na faida ya mwekezaji. Hiki hulipwa mtambo ukizunguka au ukilala. Wanaokumbuka sakata la IPTL, kampuni binafsi iliyoiuzia Tanzania umeme, wanalijua jambo hili vizuri: unalipia mtambo kuwa tayari, hata kama umeme hukuuchukua. Tuseme kipande hiki ni dola milioni 200 kwa mwaka kwa mtambo wetu. Ukifanya kazi asilimia 70, kila uniti inabeba senti 3.3 za dola. Ukifanya kazi asilimia 40, kila uniti inabeba senti 5.7. Hakuna kilichoharibika wala aliyeiba. Umeme haukuhitajika tu.

India ilipitia hilo. Mwaka 2009/10 mitambo yake ya makaa ilikuwa ikitumika kwa asilimia 77 hivi. Wawekezaji wakajenga kwa pupa wakitegemea kasi ile ile ya mahitaji. Kufikia 2020/21 matumizi yalikuwa yameshuka hadi karibu 55, mikopo mingi ikawakwama mabenki mkononi, ndipo yakapanda tena hadi karibu 69 mwaka 2023/24. Aliyejenga mwaka 2011 alikuwa sahihi kuhusu 2024, lakini riba haikumsubiri.

Kipande cha pili ni makaa yenyewe. Kwa tani ya dola 60 yenye gigajuli 25, kila uniti inatumia makaa ya senti 2.5. Mwaka 2022, baada ya vita vya Ukraine kuanza, makaa ya Newcastle, Australia, ambayo bei yake ndiyo kipimo cha soko la Asia, yalipita dola 400 kwa tani. Fanya hesabu ile ile: senti 16.5 kwa uniti, kabla ya kulipa mkopo wowote. Na kuwa na mgodi wako si kinga kamili. Bei ya nje ikipanda, mchimbaji anataka kuuza nje. Indonesia ilibidi ifunge mauzo ya nje mwezi Januari 2022 kwa sababu mitambo yake ya ndani ilikaribia kuishiwa, wakati nchi hiyo ndiyo inayoongoza duniani kwa kuuza nje makaa ya kufulia umeme. Hata hapa kwetu, malori mengi zaidi yalianza kushuka kuelekea bandari ya Mtwara kipindi hicho hicho cha bei kali.

Jua na upepo vina tatizo la kinyume: mafuta ni bure, lakini karibu gharama yote unailipa siku ya kwanza, kwa hiyo riba ndiyo mwamuzi. Tuseme megawati moja ya jua inagharimu dola milioni 1, inadumu miaka 25 na inatoa megawati-saa 1,752 kwa mwaka. Kwa mkopo wa riba ya asilimia 5 unalipa dola 71,000 kila mwaka, senti 4 kwa uniti. Kwa riba ya asilimia 12 unalipa dola 127,500, senti 7.3. Paneli ni zile zile, jua ni lile lile. Hii ndiyo sababu India, yenye mikopo ya rupia na zabuni kubwa, ilipata bei ya rupia 1.99 kwa uniti kwenye mnada wa Gujarat Desemba 2020, na nchi yenye jua kali zaidi lakini riba ya kikatili inashindwa. Mtu akitaka kubishana nawe kwamba makaa bado yana nafasi Afrika, hii ndiyo hoja yake bora. Kwa upande wa pili, mikataba mipya ya makaa iliyosainiwa India mwaka 2025 imevuka rupia 5 kwa uniti.

Msiamini pia kwamba makaa ni dawa ya mgao. Afrika Kusini inapata zaidi ya asilimia 80 ya umeme wake kutokana na makaa, na mwaka 2023 ulikuwa mbaya kuliko yote kwa mgao. Mitambo ya zamani ilikuwa imechoka, na miwili mipya, Medupi na Kusile, kila mmoja wa karibu megawati 4,800, ilichelewa miaka mingi na kupita bajeti mara nyingi. Ujenzi wa Medupi ulianza 2007 na ukatangazwa kukamilika mwisho wa Julai 2021. Tarehe 8 Agosti mwaka huo jenereta ya mtambo namba 4 ililipuka. Jenereta kubwa hupozwa kwa haidrojeni, na kabla ya kuifungua lazima haidrojeni isukumwe nje kwa hewa ukaa kwanza ndipo hewa ya kawaida iingie. Hatua hiyo haikukamilika, hewa ikakutana na haidrojeni, ikatokea cheche. Wiki moja baada ya kukamilika.

Ruvuma iangalie Jharkhand

Wanafunzi wako wanauliza kuhusu China na India kana kwamba ni mahali pamoja. Waonyeshe ramani ya India, kisha waonyeshe Jharkhand, Odisha na Chhattisgarh. Huko ndiko makaa yalipo. Huko pia ndiko kuliko na umaskini mkubwa miongoni mwa majimbo ya nchi hiyo. Mumbai na Gujarat hazina makaa kama hayo na zimetajirika.

Moja ya sababu ni sera. Kuanzia miaka ya 1950 hadi mapema miaka ya 1990 serikali ya India ilisawazisha nauli ya kusafirisha makaa, chuma na saruji, hivi kwamba kiwanda kilicho maelfu ya kilomita kutoka mgodini kililipa bei ile ile na kilicho jirani yake. Nia ilikuwa kueneza viwanda nchi nzima. Matokeo yake viwanda vilikwenda pwani na magharibi, na Bihar, ambayo wakati huo ilijumuisha Jharkhand, ikabaki na mashimo. Huko Jharia, wilaya ya Dhanbad, moto umekuwa ukiwaka ndani ya tabaka za makaa tangu 1916.

Baadaye, mwaka 2015, India iliunda mifuko ya wilaya za madini: mwenye leseni ya zamani anachangia asilimia 30 ya mrabaha wake, aliyepata leseni kwa mnada asilimia 10, na fedha hizo lazima zitumike kwenye wilaya yenye mgodi. Mifuko ina lawama zake, hasa fedha kukaa bila kutumika au kujenga majengo ambayo hakuna aliyeyaomba, lakini wazo lenyewe ni la kuiga kuliko mitambo. Nami naona swali kubwa kwa Mbinga, wilaya yenye mgodi wa Ngaka, liko hapa kuliko kwenye tabianchi: thamani inashukia wapi lori linapoondoka?

Kwa nini tuambiwe sisi?

Hoja ya haki ina uzito na isipuuzwe. Mtambo wetu wa ubaoni, tani milioni 6, ungemwongezea kila Mtanzania, kwa sensa ya 2022 ya watu milioni 61.7, kilo 97 za hewa ukaa kwa mwaka. Mmarekani anatoa tani 14 hivi, Mchina tani 8, Mhindi tani 2. Mtanzania hafiki hata nusu tani. Kwa dunia inayotoa tani bilioni 37 za hewa ukaa ya nishati kila mwaka, mtambo huo hauonekani kwenye grafu. Uingereza iliwasha kituo chake cha kwanza cha umeme wa makaa London mwaka 1882 na kufunga cha mwisho, Ratcliffe-on-Soar, tarehe 30 Septemba 2024. Miaka 142.

Ndiyo maana kwenye mkutano wa tabianchi wa Glasgow, Novemba 2021, India ilipokataa neno "kukomesha" makaa na kusisitiza "kupunguza", nchi nyingi zinazoendelea zilielewa, ingawa zile za visiwani zililalamika. Kwenye mkutano huo huo India iliahidi kufikia sifuri halisi ya hewa chafu, yaani kutotoa zaidi ya inayofyonzwa, ifikapo 2070. China ilikuwa imeahidi kabla ya 2060.

Lakini haki haikopeshi. Septemba 2021 China ilitangaza kwamba haitajenga tena mitambo mipya ya makaa nje ya nchi yake, na kufikia hapo Japani na Korea Kusini nazo zilikuwa zimejitoa. Hao watatu ndio waliokuwa wakifadhili. Kwa mradi wa leo Afrika, kikwazo cha kwanza ni benki, na mikutano ya tabianchi inafuata nyuma.

Jirani zetu wamekwishaonja. Mradi wa Lamu, Kenya, ulikuwa wa megawati 1,050 katika nchi ambayo mahitaji yake ya juu kabisa yalikuwa chini ya megawati 2,000, na makaa yake ya kuanzia yangetoka nje. Juni 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilifuta leseni, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo na tathmini ya athari ilikuwa na mapengo. Mahakama ile haikusema makaa ni haramu. Na hata kama leseni ingebaki, mtambo mmoja wa nusu ya gridi ni hatari ya kiufundi: siku unapozimika ghafla hakuna cha kuziba pengo, nchi nzima inaingia gizani.

Upande wa kuacha makaa nao una makosa yake. Kituo cha umeme wa makaa cha Komati, Mpumalanga, Afrika Kusini, kilifungwa Oktoba 2022, Benki ya Dunia ikatoa dola milioni 497 za kukibadilisha kiwe cha jua, upepo na betri. Kasoro ilikuwa mpangilio: mtambo ulizimwa kwanza, kazi mpya zikabaki kwenye michoro, na mji uliozungukwa na mishahara ya kituo hicho ukanywea.

Makaa ya Ngaka yanafanya nini hasa

Sehemu kubwa ya makaa ya Tanzania haifui umeme. Yanakwenda kwenye matanuru ya saruji na viwanda vingine, mengine yanauzwa nje. Kwa tanuru, hoja ya jua haitoshi. Saruji inahitaji joto la nyuzi 1,450, na mawe ya chokaa yenyewe yanapovunjika kwa joto hutoa hewa ukaa karibu nusu tani kwa kila tani ya klinka, yaani vipande vilivyookwa vinavyosagwa kuwa saruji, hata ukiichoma kwa upepo. Vivyo hivyo chuma: njia ya tanuru la kuyeyusha hutumia makaa ya koki kama kitendanishi cha kuondoa oksijeni, kazi yake ikiwa zaidi ya kutoa joto. Huko ndiko makaa yatakakochelewa kuondoka.

Kama Liganga na Mchuchuma, miradi ya chuma na makaa ya mawe huko Ludewa, zitaanza kutoa chuma cha kuuza nje, kuna jambo la kuwaonya wanafunzi: tangu Januari 2026 Umoja wa Ulaya unatoza kaboni mpakani kwa chuma, saruji, alumini, mbolea, haidrojeni na umeme. Tani ya chuma iliyotoka na tani mbili za hewa ukaa italipiwa tofauti na iliyotoka na nusu tani.

Mtu akija kijijini na mradi wa mtambo, maswali ni haya: makaa yana gigajuli ngapi kwa tani na majivu asilimia ngapi, yalipimwa na nani; ufanisi ni upi ukizunguka nusu nguvu; maji yatatoka mto gani mwezi wa Oktoba; majivu yatawekwa wapi na yatafunikwa kwa nini; kichujio cha vumbi kipo na kile cha salfa kipo, au vitakuja "baadaye". India iliweka viwango vya salfa Desemba 2015 vikiwa na muda wa miaka miwili. Muda ukasogezwa, ukasogezwa tena, na Julai 2025 mitambo mingi ikaondolewa sharti hilo kabisa.

Kisha ombeni kuona ukurasa wa mkataba unaosema kiasi cha chini ambacho lazima kilipwe kila mwaka, na ni kwa fedha ya nchi gani.